Kreni Inayojibu Mara Mbili

Maji ya choo yalivutwa nyuma ya ukuta, na Nduku akaacha kuandika.

"Mabomba ya jirani wa juu hayo," Ziro alisema. Akalamba mafuta ya mishkaki kidoleni, kisha kidole kile kile akakirudisha kwenye kibodi.

Kuna watu na viatu. Ofisi ya Ziro ilikuwa ghorofa ya pili pale Magongo, Changamwe, na ilinuka tangu ngazini. Chumba cha mitambo kilikuwa choo zamani, alieleza bila haya, ndiyo maana kina mlango wa chuma na kufuli. Nduku alikuwa amejiziba pua kwa mtandio tangu asubuhi, na kila alipoivuta pumzi aliapa kwamba hii ni ya mwisho. Chai aliyokaribishwa ilikuwa na nzi. Ziro alimtoa kwa kijiko, akaisogeza chai karibu naye.

Yadi moja ya makontena ndiyo iliyomtuma hapo kukagua mtambo wa Ziro, ule utakaoendesha kreni bila dereva. Nduku akiupitisha, madereva watarudi nyumbani. Akiupitisha nao ni mbovu, siku moja kontena litamshukia mtu kichwani. Na mmoja wa madereva hao alikuwa Bonface, kaka yake wa tumbo moja, aliyekuwa akiishi naye Chaani. Asubuhi hiyo, kama kawaida, Nduku alikuwa amempakia muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, wa kwenda nao kazini, katika lile bakuli lao la buluu lenye kifuniko chekundu cha bakuli jingine, maana chake kilishapotea.

Jaribio lilikuwa hivi. Kompyuta iliyokuwa mezani ilijifanya ndiyo akili ya kreni. Nyingine, iliyofungiwa kule chumbani, ilijifanya kreni yenyewe: mota, breki na ndoano. Ya mezani hutoa amri, kisha husimama kabisa mpaka ya chumbani ijibu. Ni kama mtu mwenye adabu zake mlangoni: hodi, na asipoitikiwa karibu haingizi mguu. Kwa hilo Nduku hakuwa na mzaha. Akili isiyongoja jibu itadhani mzigo uko juu, kumbe uko juu ya mtu.

Majibu yalikuja. Yalijikokota, lakini yalikuja, tena kila amri ilijibiwa mara mbili: NIMESIKIA, halafu TAYARI. Hakuna aliyeagiza jibu la kwanza. Madereva wa kreni ndio wenye mtindo huo, honi moja ya kusikia, nyingine ya kumaliza. Nduku alikichukia kila kitu kwenye ofisi ile, kuanzia chai mpaka Ziro mwenyewe, lakini hilo alilipenda. Aliyeuunda mtambo huu, alijiambia, anaijua kazi.

Madereva walikuwa wamekwisha kumnunia. Sokoni Chaani walimpita kama hawamjui, na mmoja alitema mate karibu na miguu yake. Ni Bonface peke yake aliyemwambia jioni iliyopita, "Kama ni mzuri, upitishe. Usinifikirie mimi." Nduku karibu alie. Bonface hakungoja machozi hayo, alikwenda kuoga tena. Grisi ya kreni, alisema, haitoki kwa maji ya mara moja.

Likabaki jaribio lililomkosesha usingizi. Mzigo uko juu, mtu yuko chini yake, na amri inasema: shusha. Kreni yenye akili ikatae. Nduku akaituma amri, akashika kingo za meza.

Jibu lilikuja papo hapo, haraka kuliko yote ya siku ile: HAPANA. MTU YUKO CHINI.

Machozi yalimlenga, na si ya uvundo. Basi watu watakuwa salama, na kaka yake atatafuta kazi nyingine, Mungu hamtupi mja wake. Aliamua kuupitisha. Iliyobaki ilikuwa amri ya kuuweka mzigo pembeni na kupumzika, ya kufungia tu. Akaituma.

NIMESIKIA.

Kisha kimya. Kompyuta ya mezani ikangoja, kama ilivyopasa. Ziro akaacha kutafuna. Akasema ni mtandao. Baadaye akasema ni joto, mitambo ya siku hizi haipendi joto la Mombasa, na kwa nini wasishuke kwanza wakanywe soda. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye mishkaki, naye akaendelea kuishika.

Nyuma ya mlango wa chuma mtu alitapika. Alitapika kwa muda mrefu, kama aliyejizuia tangu asubuhi.

"Na mabomba ya jirani hutapika?" Nduku aliuliza.

"Dada, tuelewane," Ziro alisema, chinichini.

Ufunguo ulikuwa mezani, umelala kwenye mafuta ya mishkaki. Nduku aliuchukua hivyo hivyo, ukamteleza mara mbili vidoleni, akafungua. Hodi hakupiga.

Hakukuwa na mtambo. Kulikuwa na choo kilichoziba, kimejaa mpaka ukingoni, skrini ndogo ukutani, na kibodi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwanamume alikuwa ameinama mbele ya ndoo hiyo, amempa Nduku mgongo, akijifuta mdomo kwa kiganja. Juu ya sinki palikuwa na bakuli la buluu lenye kifuniko chekundu.

Mwanamume yule hakugeuka. Kwa kiganja kile kile alipapasa kibodi, akabonyeza, na nyuma ya Nduku, mezani, skrini ikaandika: TAYARI.