Magoti ya Tunu

Mpira ulimponyoka Tunu mikononi, na kabla hata hajaambiwa akachuchumaa, akashika masikio, akaanza kuruka kichura kuzunguka uwanja wa netiboli. Wenzake wakampisha. Ndivyo kocha wao wa zamani alivyowazoesha.

"We mtoto, nani kakutuma?" aliuliza Mwalimu Mwanaidi, kocha mpya. Ilikuwa siku yake ya kwanza.

"Nimedondosha mpira, mwalimu."

Mwalimu, mama wa mwili wa haja, akaurusha mpira juu, akauacha uanguke makusudi. Kisha akakaza kanga kiunoni, akachuchumaa, akaruka kichura. Mruko wa pili ukamwangusha kitako, puu!

Wasichana walitazamana, mashavu yamejaa kicheko wasichothubutu kukitoa.

"Chekeni, msije mkapasuka!" alisema, akijipangusa vumbi. "Haya niambieni, sasa ndiyo nimejua kudaka?"

"Bado!" wakaitikia, wakiangua kicheko.

"Basi Tunu, inuka tudake."

Akamrushia. Mpira ukamponyoka tena. Magoti ya Tunu yakaanza kukunjika yenyewe, kwa mazoea, kisha yakasita. Akaukimbilia mpira, akaurudisha kwa nguvu zote.

"Rusha juu zaidi, mwalimu!" alisema, akirudi kinyumenyume, mikono imeshafunguka.