Dakika Nne

"Saa tatu nzima kupokea faili moja!" Kerrow, fundi aliyetumwa kutoka Garissa, aliangua kicheko. "Hapa Dagahaley hata kompyuta zimejifunza kupanga foleni."

Nasteho, karani wa ofisi na mkimbizi kama wenzake wa kambini, hakucheka. Faili hilo lilikuwa orodha ya walioitwa kwenye usaili wa kuhamishiwa ng'ambo. Mabasi ya kuwapeleka yangeondoka saa sita mchana. Asiyesomwa jina angerudi hemani kwake, na miaka yake saba ya kungoja ingekwenda na maji.

"Aboowe, faili naingia bole bole, lakini nafika," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Mimi si kaka yako. Mimi fundi."

Kerrow alizaliwa Rhamu, kwa Wasomali, lakini Kisomali alikuwa amekitupa Nairobi. Mwacha mila ni mtumwa, ila mtumwa huyu alijiona bwana. Aliingia kwenye seva ya Garissa kwa simu ya setilaiti, akaifungua programu iliyotuma mafaili, akaguna. Mjinga fulani alikuwa ameiagiza itume kipande kidogo, ingoje kambi ijibu kwamba kimefika, ndipo itume kingine. Kama wazee wa kijijini Hadado wakisalimiana: mvua je, ngamia je, watoto je!

"Ushamba mtupu." Akaifuta mistari yote ya kungoja. "Sasa imwage kwa mkupuo mmoja."

Dakika nne tu, faili likaingia. Printa ikaanza kukwaruza.

"Mbona karatasi kidogo?" Nasteho aliuliza.

"Kwa sababu leo hukuziharibu. Mpe askari asome."

Nje, askari alisoma majina kwa kipaza sauti mbele ya umati. Wengine walipiga vigelegele. Alipomaliza, Nasteho alirudi ndani mbio.

"Jina yangu hajasoma. Na ya mama. Tafadhali, angalia."

Kerrow aliliandika jina lake kwenye kompyuta, akabonyeza. Halikupatikana.

"Mashine haina undugu, dada."

Nasteho alivuta mtandio wake, akasema hiyo ni kadari ya Mungu, akaenda kumwambia mamake afungue mizigo. Kerrow alibinua mdomo. Watu hawa, kila kitu kwao kadari!

Njiani kurudi Garissa alitoa nakala yake ya orodha, aiambatishe na ripoti ya ushindi wake. Aliipekua kwa raha. Majina ya A yalikuwa tele, ya F na ya H pia. Karatasi ya mwisho ilijaa K. Jina la chini kabisa lilikuwa "Kulo", limekatikia hapo, na baada yake hakukuwa na L, wala M, wala N hata moja.

Alitazama saa. Ilikuwa saa tano kasorobo. Mabasi yangekuwa bado yanapakia watu.

Akaikunja karatasi, akamwambia dereva aongeze mwendo kuelekea Garissa.