Mlango wa Chumba cha Tima

Kwa amri ya mji, kila nyumba husikiliza matumbo ya wakazi wake, na anayeharisha hufungiwa chumbani peke yake mpaka apone. Leo ni zamu ya Tima, ambaye hata kuoga mwenyewe hajui. Mishi, mama yake, akaja na ndoo, sabuni na maji ya chumvi na sukari.

"Rudi," mlango ukasema. "Utawaambukiza wenzako."

"Kunawa najua. Nilikuwa mama yake kabla wewe hujawa mlango. Hebu funguka!"

"Ukiingia, hutoki mpaka niridhike."

"Nani kakwambia nataka kutoka?"

Akaingia. Komeo likaanguka nyuma yake. Akamsafisha mwanawe, akanawa, akampakata.

"Wagonjwa wawili," nyumba ikatangaza.

"Hesabu vizuri," Mishi akasema. "Mgonjwa mmoja na mama yake."