Kilengeo cha Baba Mageni

“Kikikosea,” Mama Mageni aliuliza, “kinakosea kwenda juu au kwenda chini?”

Felician aliweka kalamu chini. Kwa miaka sita ya kuuza vifaa vya michezo pale Nyahanga, mjini Kahama, alikuwa ameulizwa kama mpira unadumu na kama jezi inachuja. Hakuwahi kuulizwa bidhaa yake inakoseaje.

“Hakikosei, mama.”

“Kikikosea,” alirudia yule mama, bila kupandisha sauti.

Juu ya kaunta kulikuwa na vilengeo vitatu, vifaa vidogo vya kufunga kwenye upinde: pete ya chuma, na ndani yake sindano yenye ncha ya rangi. Unaweka ncha juu ya shabaha, unaachia mshale. Felician alivinunua kwa mgeni mmoja aliyemaliza mkataba mgodini akauza kila kitu hadi vijiko. Upinde wa mgeni huyo, wa kisasa, wenye magurudumu, ulikuwa umechukuliwa na mtu mwingine. Leo ulikuwa umelala hapo hapo kaunta, umeviringishwa kwenye kanga. Mwenyewe ni Mayala wa Tinde, ndiye Baba Mageni, na huyu ni mkewe.

“Baba Mageni anawinda?”

“Hawindi. Ni shabaha tu.”

“Umbali gani?”

“Hatua thelathini. Hauongezeki, haupungui.”

“Shabaha inasogea?”

“Haisogei. Ikisogea, imejitakia.”

Felician akamwonyesha cha kwanza. Kilikuwa na sindano tano, kila moja na umbali wake, kizuri kwa mwindaji maana mnyama hasimami unapotaka wewe.

“Atazichanganya,” alisema Mama Mageni.

Cha pili kilikuwa na nukta nyekundu inayowaka.

“Kinatumia nini?”

“Betri.”

“Ikiisha katikati ya kazi?”

“Nukta inazimika.” Mama akakisukuma pembeni. Akachukua cha tatu, chenye sindano moja tu. Akakitikisa karibu na sikio kama mtu anayenunua mayai.

“Hiki.”

Hapo Felician akasita. Skrubu ya kile cha tatu ilikuwa imekwisha meno, na yeye mwenyewe ndiye aliyeigandisha kwa gundi. Itashika, alijiambia. Isiposhika, mshale utapita pembeni, wataufuata, watarusha tena.

“Lakini kwa nini asije mwenyewe kuchagua?”

“Anasema chochote kitafaa.”

“Sasa?”

“Sasa nimekuja mimi.” Aligusa upinde ndani ya kanga. “Zamani alitumia macho yake tu, na upinde wa kawaida. Ametimiza miaka hamsini na minane. Mwaka jana alikosea.”

“Kwa kiasi gani?”

Mama Mageni akatenganisha kidole gumba na cha shahada, kama upana wa kipande cha sabuni.

Felician akacheka. “Hiyo si kitu, mama! Kwa hatua thelathini hiyo ni alama nzuri kabisa.”

“Na yeye alisema hivyo hivyo.”

Alilipa, akafunga kile kilengeo kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. “Mungu akubariki, mwanangu. Nimezunguka maduka hadi Geita. Wewe ndiye uliyenijibu kila nilichouliza.” Akajitwika upinde begani, akatoka.

Felician alirudi kwenye daftari lake. Aliandika mstari mmoja, akaufuta. Akaandika tena. Kisha akafunga droo na kumkimbilia, akamkuta kwenye kijiwe cha bodaboda, mguu mmoja tayari juu ya pikipiki.

“Mama, subiri. Hicho skrubu yake ni mbovu. Nimeibandika na gundi.”

Mama Mageni alishusha mguu. Hakugomba. Alimtazama tu, hadi dereva wa boda akazima injini.

“Ningejua lini?” aliuliza.

Felician akampokea upinde. “Twende dukani, mama. Nitakutengenezea kile cha kwanza.”

Alikifungua, akang’oa sindano nne, akabakiza moja ya katikati. Akakifunga kwenye upinde, akakaza, akakitikisa kuona kama kinalegea, akakaza tena. Halafu akamfundisha: mishale ikienda kushoto, sindano isogezwe kushoto, ikienda juu, nayo ipandishwe, yaani sindano inaufuata mshale. Mama Mageni alirudia maneno yale mara tatu kama mtoto wa katekisimu.

“Na asiseme ameshazoea,” Felician alionya. “Kwanza afanye mazoezi kwenye gunia la pumba, wiki nzima.”

“Ataanza na gunia,” alisema Mama Mageni. “Hilo tumeshaelewana.”

Kabla ya kuondoka alimkaribisha Tinde, Jumapili ya pili baada ya Pasaka, kwenye mashindano ya ngoma, ambako kila mwaka mumewe huonyesha shabaha.

Felician alienda. Uwanja wa mnada ulijaa watu na vumbi. Ngoma zilipokoma, aliingia mwanaume mfupi, mwenye miwani, ameshika upinde wenye magurudumu.

“Kile kilengeo nimekifunga mimi,” Felician alimwambia jirani yake, mzee mmoja aitwaye Maduhu.

“Umefanya vizuri,” alisema Maduhu.

Felician akanyoosha shingo upande wa pili wa uwanja. Hakukuwa na ubao. Hakukuwa na gunia.

“Shabaha iko wapi?”

“Inavua viatu.”

Mama Mageni akatoka katikati ya waimbaji, miguu mitupu, akamsalimia mumewe kwa kupiga goti, akahesabu hatua thelathini. Akageuka, akasimama wima, akaweka kitunguu kichwani.