Ngazi Tano

Fundi Shomvi aliegemeza ubao mfupi kwenye ngazi tano za mlangoni. Mwinuko ulikuwa mkali mno; kiti cha magurudumu kingerudi kinyumenyume na mzee juu yake. Akaleta mrefu. Ncha yake ikafika katikati ya barabara.

“Wa urefu wa kati hakuna?” aliuliza Bi Saumu.

“Upo, mama. Ila unataka watu wawili wa kusukuma.”

Nyumbani walikuwa wawili tu, na mmoja ndiye huyo wa kusukumwa.

Mzee Kilindo, aliyetoka hospitali asubuhi hiyo, alingoja kitini mbele ya ngazi. Msingi wa nyumba aliuinua mwenyewe kuliko majirani wote, maji ya mvua yasiingie ndani.

Matone yakaanza. Bi Saumu akapanda, akarudi na mwavuli, akaufungua juu ya mumewe. Wakaitazama sebule yao, kavu, mlango wazi.