Mashine Imesema Sawa

KOSA.

Neno lilisimama jekundu kwenye kompyuta ya Gervas, chumbani kwake Kihonda. Huko juu milimani Uluguru, mvua haikuwa na haya.

Kipimo alichokichomeka nyuma ya jiko la mama yake kilituma namba za mwendo wa udongo. Mashine aliyoifundisha mwenyewe ilizipokea namba hizo, ikakisia zinazofuata. Kisha kikaguzi kikalinganisha safu mbili, makisio na vipimo. Zikilingana, SAWA. Zikiachana, KOSA: udongo unatembea zaidi ya ilivyotarajiwa.

Akapiga simu.

"Shikamoo mama. Umeshashuka kanisani?"

"Marahaba. Nipo, na baridi hii. Mbuzi nimemwacha kafungwa. Mashine yako inasemaje?"

"Bado inasema kosa. Tulia hapohapo."

"Ikisema sawa, unambie. Yule mbuzi hajui kusali."

Barabara ya kupanda ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Gervas hakuwa na la kufanya ila kukiendesha kikaguzi. KOSA. Akakiendesha tena. KOSA.

Latifa, mwenzake wa kazi, aliingia akikung'uta mwavuli. Akachungulia.

"Bado unakiamini hicho? Ukikipa sahani mbili tupu, kitasema watu wameshiba sawasawa."

"Wivu huo, Latifa."

"Haya, bwana mkubwa."

Gervas akabonyeza tena, kwa hasira ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.

SAWA.

Kijani kibichi, kama mgomba baada ya mvua. Gervas alipiga meza kwa kiganja, machozi yakimlengalenga. Vidole vikakimbilia simu: "Mama, mashine imesema sawa. Udongo umetulia. Rudi kwa mbuzi wako."

"Hebu nione hizo namba," alisema Latifa.

Gervas akazifungua kwa maringo.

Safu ya makisio: tupu, tupu, tupu. Safu ya kipimo: tupu, tupu, tupu.

"Betri imekwisha?" Latifa aliuliza, taratibu.

Gervas akarudi nyuma kwenye safu, akatafuta namba ya mwisho uliyoituma mlima kabla ya ule utupu. Udongo wa nyuma ya jiko ulikuwa umeteremka mita tatu kwa mkupuo mmoja.

Akaishika simu ampigie mama. Ikatetemeka mkononi, ujumbe ukaingia:

"Sawa mwanangu. Nimeshaanza kupanda. Naizima simu isilowe."