Kalamu Mbele ya Pua

"Ukiona kalamu zimekuwa mbili, sema," mama yake Latifah alisema.

Asubuhi, huko Arua, mtaalamu wa macho alimweleza kwamba macho ya binti huyu hayashirikiani, ndiyo maana huruka mistari na kufunika jicho moja akisoma. Zoezi la kila siku, la kuitazama kalamu ikisogezwa hadi karibu na pua, lingemsaidia. Kwa miaka miwili mama aliiita tabia hiyo uvivu, na kila jicho lilipofunikwa, alimzaba kofi.

Sasa, nyumbani Koboko, walikuwa wao wawili tu. Mama akaisogeza kalamu taratibu.

Latifah akafumba macho yote, akakaza shavu, akingoja.

"Fungua, mwanangu. Kalamu tu hii."

"Lakini mkono yako iko hapo."

Mama akampa kalamu aisogeze mwenyewe. Kisha mama akaukalia mkono wake mwenyewe.